Somoe Alipohamia Stoo ya Baruti

Juu ya mlango wa maktaba yetu ya machimboni wameandika jina la Somoe kwa rangi ya bluu. Wameliandika vizuri, sina la kusema. Siku ya kuifungua baada ya matengenezo walinikalisha kiti cha mbele, wakanitupia kanga mpya mabegani, kisha kijana mmoja wa ofisi ya mtaa akashika kipaza sauti akasema maktaba hii ilianzishwa na marehemu Bibi Somoe, mama wa elimu, mtu wa watu. Watu wakapiga makofi. Mie nilikunja mikono. Kijana hakusema uongo, na Somoe alikuwa shoga yangu, nimemlilia, nimemsomea, arobaini yake nimepika pilau mwenyewe. Ila nilipogeuka kushoto nikamwona Flora, kakalishwa kiti cha mbele vilevile, kanga mpya vilevile, anajifuta machozi kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nikasema moyoni: huyu tena. Somoe yuko chini ya udongo na bado tumekaa wawili tunamgombania.

Basi nitaandika mwaka ule nilivyouona mie. Habari za wazazi wangu na kwetu na nilivyofika mjini sitaziandika, hazina kazi hapa. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule ambao sanduku la vitabu liliingia machimboni, maana ndio ulionifundisha kusoma na ndio ulionifundisha wivu. Kwangu vitu hivyo vilikuja siku moja kama mapacha, na sijaweza kuwatenganisha mpaka leo nimeota mvi. Anayetaka bibi asiye na wivu akatafute kwingine. Wapo, wanakaa kimya na wanajifanya.

Machimbo yetu yalikuwa nyuma ya Boko, ukielekea vilima vya Madale. Siku hizi ukipita huko utaona mageti na kuta na maua ya kupandwa, huwezi kujua kulikuwa na nini. Enzi zile lilikuwa shimo moja kubwa la mawe meupe, wanaume chini na mitaimbo yao, sie wanawake juu kwenye ukingo tunagonga kokoto. Kila mwanamke alikuwa na kibanda chake cha miti minne na gunia juu. Unakaa chini, miguu umeinyoosha, jiwe umelizungushia kipande cha mpira wa tairi ili vipande visiruke usoni, unagonga. Unagonga mpaka mkono unasahau kuwa ni wako. Jioni tunarudi majumbani weupe kope na nyusi kama tumetoka kusaga unga. Mie nilikuwa fundi wa ile kazi. Hakuna aliyekuwa na mkono kama wangu, na hilo nalisema bila haya kwa sababu hakuna kipaza sauti kitakachonisemea.

Somoe na mie tulikuwa kibanda kimoja, fungu moja la kokoto. Gari la kubeba likija tunauza pamoja, tunagawana. Alikuwa mtu wa kusini, upande wa Kilwa, mwembamba, mcheshi, anaimbia puani anapogonga, na mkono wake ulikuwa hafifu kwa mawe. Ukweli ni kwamba katika fungu letu kokoto nyingi zilikuwa zangu. Sikuwahi kumwambia. Yeye naye alikuwa anapika, maana mie jikoni nilikuwa naunguza. Tulipanga chumba kimoja cha udongo, kitanda cha kamba kimoja, jiko la mafiga nje, na Ijumaa tukipata mchele alikuwa akipika wali wa nazi kwenye sufuria letu lililobonyea upande mmoja. Ukoko alikuwa ananiwekea mie. Anaukwangua kwa kijiko, anaukunja, anautia kwenye kibakuli na kukifunika. "Mkono unaogonga ndio unaokula ukoko," alikuwa anasema. Nyie mnaokula wali wa kwenye umeme usioshika chini hamjui ukoko ni nini. Mie ulikuwa ndio cheo changu.

Mwaka ule ulikuwa wa kisomo. Nchi nzima watu wazima walikuwa wanafundishwa kusoma, na sie tukaletewa mwalimu, mwanaume mpole wa baiskeli ambaye alikuwa anakuja mara kwa mara na ubao kaufunga nyuma kwa mpira. Siku moja akaja na sanduku la bati lenye vitabu. Akauliza ni kibanda gani hakivuji. Wote wakaonyesha changu, kwa sababu gunia langu nilikuwa nimelishona mara mbili na kulipaka lami. Sanduku likawekwa kwangu. Hapo ndipo maktaba ya machimboni ilipoanzia, chini ya gunia nililolishona kwa sindano yangu, na siku ya kufungua hakuna mtu aliyelisema hilo.

Somoe alizikamata herufi kama anaziokota chini. Mie zilinigomea. Nilikuwa naangalia ubao naona vijiti, naangalia tena naona vijiti, na yeye pembeni yangu tayari anacheka na neno. Masika hayajaisha alikuwa anaweza kusoma kitabu kwa sauti, polepole, kidole kikitembea. Wanawake wa vibanda vya karibu wakataka awasomee. Lakini utasomaje katikati ya nyundo? Alikuwa akisoma neno moja, nyundo kumi zinalimeza. Mama Pili, aliyekuwa mkubwa wetu na mwenye mdomo kuliko wote, akapiga kelele, "We Somoe! Ama upaze sauti, ama ufunge kitabu tugonge mawe yetu, mbona unatutafunia maneno?" Nikamjibu mie, "Si mngoje apumue! Akipumua, ndiyo mgonge."

Ikawa hivyo. Somoe anasoma, sie nyundo tumeziinua. Akifika kwenye nukta anapumua, mie nagonga, na wote wanagonga baada yangu, mara moja, mbili, tatu, kisha nainua nyundo na wote wanainua. Anasoma tena. Watu wa shimoni walikuwa wanasimama wanatazama juu hawaelewi wanawake wamepatwa na nini, wanagonga kama jeshi. Mie nilikuwa sijui hata kuandika jina langu, lakini nilijua nukta iko wapi kwa kusikia pumzi ya Somoe. Nukta ndiyo herufi yangu ya kwanza. Na kwa sababu anayesoma hagongi, tuliwekeana desturi kwamba jioni kila mwanamke anammwagia msomaji karai moja la kokoto kwenye fungu lake. Fungu lake na langu lilikuwa moja, kwa hiyo hata mie nilimwaga karai langu kutoka huku kwenda huku, watu wakacheka.

Kitabu tulichokipenda kilikuwa cha kufuga nyuki. Jalada lilikuwa limetoka na hatukuwa na mzinga hata mmoja, wala mti wa kuutundika, lakini sijui kwa nini kile kitabu kilitushika. Tulijua malkia anavyokaa, watumwa wanavyomlisha, madume yanavyofukuzwa njaa ikiingia. Mama Pili aliposikia habari za madume alitupa nyundo akasema, "Huyo aliyeandika kaishi na mume wangu." Tangu siku ile mwanaume mvivu machimboni akaitwa dume la nyuki, na mwanamke anayekaa kivulini akaitwa malkia. Somoe wakamwita malkia. Kwa utani. Mie ndiye niliyekuwa namlisha, na nilikuwa nimeridhika.

Kisha akaja Flora.

Alikuja na kaka yake kutoka Masasi. Kaka alikuwa mchimbaji, yeye amemaliza darasa la saba na hakuwa na pa kwenda. Alikuja na gauni la maua lenye mkanda, viatu vya mikanda, msalaba mdogo shingoni, na sauti ya chini kama anaongea kanisani. Nyundo aliishika kama mwiko. Siku ya kwanza alijigonga kidole akakaa anakitazama, wala hakulia, na Somoe akaacha kazi yetu akaenda kumfunga kwa kipande cha kanga. Kanga yenyewe yangu. Akiwa pale akamwona Flora anafungua kitabu alichoazima kutoka sandukuni kwetu na kukisoma midomo haitikisiki. Alirudi kwangu macho yamemtoka.

"Tatu! Umemwona? Anasoma kimya."

"Hata bubu anakaa kimya," nikamwambia.

"Sikiliza we. Anasoma ndani kwa ndani, kurasa anafungua haraka hivi. Kasema shuleni ndivyo wanavyosoma."

"Na nyundo anagonga ndani kwa ndani vilevile? Maana fungu lake silioni."

Akacheka, akanipiga begani. Alidhani natania. Somoe alikuwa na tatizo hilo, kila neno langu chungu aliliona utani, na huwezi kugombana na mtu wa namna hiyo.

Ijumaa iliyofuata Flora akaalikwa kula kwetu. Nakumbuka chumba kilivyokuwa, koroboi imewekwa juu ya kopo, harufu ya nazi, dagaa wa kukaanga kwenye bakuli la bati, sie watatu tumezunguka sinia moja na magoti yanagusana kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Walikuwa wanaongea vitabu. Flora anasema vitabu vinataka chumba, vinataka rafu, hapa kibandani mchwa watavimaliza. Somoe anaitikia, eeh, eeh, kama mtu anayeombewa dua. Mie natafuna. Mwisho wa kula Somoe akakwangua sufuria, ule mlio wa kijiko ambao nilikuwa nausubiri wiki nzima, akakunja ukoko, akautia kwenye kibakuli, na akamsogezea Flora. "Mgeni huyu, Tatu," akasema, "si we ni wa hapahapa?" Flora akasema asante, akaumega katikati akanipa nusu. Nilikataa. Nilisema nimeshiba. Njaa niliyolala nayo usiku ule ilikuwa ya nusu ukoko, na nimekula harusi nyingi tangu hapo bila kuiziba.

Pembeni ya shimo kulikuwa na stoo ya zamani ya baruti. Baruti yenyewe ilikuwa imehamishiwa stoo mpya ng'ambo ya pili, na hii imebaki tupu, mlango wa chuma, haina dirisha. Kuta zake zilikuwa za mawe, nene kiasi kwamba ukiingia kelele za nje zinakatika kama umezibwa masikio. Paa lilikuwa bati jepesi lililolazwa tu juu ya mbao. Wenyeji wa machimbo tulijua sababu yake. Baruti ikichafuka isipasue kuta ikaua watu pembeni, itoke juu iende zake. Flora hakuyajua hayo. Yeye aliona kuta tu. Akamshika Somoe wakaenda kwa msimamizi, Mzee Sefu, wakampa shikamoo zao, wakampigia magoti, na mzee yule aliyetunyima hata maji ya kunywa akawapa funguo. Akatoa na masanduku matupu ya mbao yaliyoletewa baruti, wakayapanga ukutani yakawa rafu. Vitabu vikahama.

Siku waliyolibeba sanduku kutoka kibandani kwangu nilikuwa nagonga. Sikuinua kichwa.

"Njoo utusaidie upande huu, shoga," Somoe akasema.

"Nina kazi."

"Na sie tunafanya nini?"

"Malkia hana kazi," nikasema, "ana nyumba tu. Nenda kakae kwenye nyumba yako."

Safari hii hakucheka. Akasimama kidogo, sanduku mkononi, Flora kashika upande wa pili. Kisha akasema, "Tatu, we ukiingia mle ndani utapenda. Kuna baridi kama mtungini." Wakaenda. Niliangalia alama ya sanduku chini kwenye vumbi, mraba uliobaki safi, na mchana ule ule nikaumwagia kokoto.

Kuna desturi ilianza pale mlangoni na watu waliiheshimu miaka mingi. Kila mtu aliyeingia maktaba aliacha kiberiti na sigara nje, juu ya jiwe, kwa sababu ya stoo ya baruti. Baruti haipo, lakini wanaume wenye ndevu walikuwa wanatoa viberiti wanaviweka, wanakung'uta nguo, wanaingia kwa kunyata. Ndani huruhusiwi kusema. Flora aliwafundisha kusoma kimya. Mwanga ulikuwa ule wa mlango tu, kwa hiyo wote walikaa wamejipanga kwenye kipande kile cha mwanga, wakikiegemea kama kuku wanaoota jua. Hakuna nyundo, hakuna nukta ya kusubiriwa. Somoe asubuhi alikuwa anagonga na mie, mchana anahamia stoo na mwenzake, kupanga, kufundisha, kushona vitabu vilivyoachia. Kusoma kwa nyundo kukafa. Na wanawake waliendelea kummwagia makarai yao, wakasema kazi yake ni ileile.

Mie nilifanya kitu kimoja. Nilihamisha kibanda. Nilikuja kukaa karibu na mlango wa stoo, hatua chache tu, nikasema huku kuna upepo. Mama Pili akapita akaniangalia.

"Tatu mwanangu, umeajiriwa ulinzi? Unalinda baruti?"

"Nalinda mawe yangu, Mama Pili."

"Mawe hayaibiwi na mtu anayesoma," akasema, akaenda zake anacheka.

Acha acheke. Nilikuwa nagonga pale, mara tatu, nainua, nasubiri, nagonga tena, kama zamani. Mlango wa chuma ukiwa wazi nilikuwa namwona Somoe mgongo, na Flora kamwinamia begani. Nilijua saa wanayoingia, nilijua nani kavaa nini, nilijua nani kacheka kwanza. Wanasema wivu ni upofu. Hao hawajawahi kuwa nao. Wivu una macho mbele na nyuma, hausinzii, na mtu anayekuonea wivu anajua ulipo kuliko mama yako mzazi.

Na ndiyo maana siku ya baruti mie ndiye niliyejua.

Kulipua mwamba kulikuwa na taratibu yake. Bendera nyekundu inapandishwa, Mzee Sefu anapiga filimbi, ndefu, tena, na tena, na kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia nyuma ya kilima cha mchanga upande wa barabara. Siku ile filimbi ilipulizwa mchana, jua kali, watu wamechoka. Tukakimbia. Tulipofika nyuma ya mchanga watu wakalala kifudifudi, wengine wanacheka, Mama Pili anamlaumu mtu kamkanyaga. Mie nilibaki nimesimama nazungusha macho. Sikuhesabu watu wote. Nilimtafuta mmoja. Sikuona kanga ya Somoe, na sikuona gauni la maua.

"Somoe yuko wapi?" nikasema.

"Si atakuwa huko mbele," Mama Pili akasema. "Lala chini!"

"Hayupo. Wako stoo."

"Stoo kuta nene, hawafi. Tatu! We Tatu! Rudi, mwendawazimu we!"

Nilikimbia. Sitayapamba. Nilikimbia na kanga imedondoka, nilipita kwenye vibanda vitupu, nyundo zimelala kila mahali, na kimya kile, machimboni hakujawahi kuwa kimya namna ile mchana. Nilipofika mlangoni nikamsikia Flora anasema, "Tukae humuhumu, kuta ni nene." Na Somoe, mtu wa machimbo, anayejua lile paa ni karatasi, amekaa chini, mgongo ukutani, kamkumbatia, hasemi kitu. Amemsikiliza mgeni. Hilo ndilo nililoliona.

"Tokeni!" nikasema. "Somoe, paa! Umesahau paa?"

Akanitazama, nikaona uso wake umefunguka kama mtu aliyeletewa maji. Akainuka. Na nataka hili liandikwe kama lilivyokuwa. Mkono mmoja nilimnyooshea mie. Somoe akauacha hewani, akamshika Flora, akamvuta yeye kwanza, akampitisha mbele yangu, ndipo akatoka. Tulikimbia mpaka kwenye kibanda changu kipya, tukajitupa nyuma ya fungu la kokoto, sie watatu mmoja juu ya mwingine, na ardhi ikaruka. Mawe yakapita juu. Nilisikia moja linashuka kwenye bati, mlio ambao sijausikia tena maishani, kama sufuria limetupwa kutoka mbinguni.

Vumbi liliposhuka tukaenda kuangalia. Jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha ng'ombe lilikuwa limelala ukutani, mahali palepale walipokuwa wamekaa, na juu yake kuna tundu kwenye paa, na kwenye tundu lile jua limeingia likasimama wima mpaka sakafuni. Tukaona mle ndani kwa mara ya kwanza. Tukaona rangi za vitabu. Flora akaanza kulia, Somoe akambembeleza, "Basi, mdogo wangu, basi, yamekwisha." Mie nilisimama na magoti yanatoka damu. Watu wakaja mbio, Mzee Sefu katikati yao, na kila mtu akawapa pole wale wawili. Somoe hakuniambia asante, si siku ile wala baadaye. Jioni alinipikia wali, haikuwa Ijumaa, akanipa ukoko wote, na wala hakula. Nikaula, kila nikitafuna nauona ule mkono wangu uliobaki hewani.

Tundu halikuzibwa. Wakaweka kipande cha kioo na kukishika kwa lami, na maktaba ikapata mwanga wake. Chini ya kioo kile ndipo mie nilipojifunza kusoma. Mchana wakienda kula, naingia peke yangu, naacha nyundo juu ya jiwe la viberiti, nasimama kwenye ule mwanga na kitabu cha nyuki. Nilikuwa nimekishika kichwani tayari, kwa hiyo nilianza na nukta, nikarudi nyuma kutafuta maneno yaliyotangulia. Nilitaka siku moja Somoe aingie anikute midomo haitikisiki. Mwaka ukaisha, Flora akaolewa akaenda kukaa Mabibo, baadaye akawa mwalimu, na mie hiyo siku sikuipata vizuri, maana Somoe aliponikuta alipiga vigelegele akaharibu kimya chote.

Maktaba ilibaki na Somoe. Watoto wa wachimbaji walisomea mle, kisha watoto wao. Machimbo yakafungwa, shimo likajaa maji, watu wakanunua viwanja, stoo ikabaki katikati ya nyumba za watu na Somoe na funguo zake. Aliifagia mpaka alipoanguka. Flora alikuwa anakuja sikukuu na mifuko ya vitabu, wanakaa wanaongea, na mie nawapikia chai. Nimejifunza kupika, ndiyo. Ilibidi.

Sasa narudi siku ya kufungua. Kijana wa ofisi ya mtaa alimaliza kumsifu Somoe, akatuingiza ndani kutuonyesha. Rafu mpya, meza mpya, taa. Akanyoosha kidole juu akasema, "Na hapa, mabibi na mabwana, mnaona jinsi waanzilishi wetu walivyokuwa na akili, waliweka kioo kwenye paa makusudi kupata mwanga wa asili." Nikamtazama Flora. Flora akanitazama. Tukacheka, vikongwe wawili, tukacheka mpaka mtu akaleta maji, wakidhani tumepata kizunguzungu. Wakatukalisha kwenye benchi pale pale chini ya kioo na kuendelea na wageni.

Flora akafuta macho. Akasema, "Tatu, nikuulize. Siku ile ulitusikia tunasema nini, ulipofika?"

"Nilikusikia we. Tukae humuhumu, kuta ni nene. Na yeye anakusikiliza."

"Alinisikiliza?" Akatikisa kichwa. "Sikiliza, dada. Mle ndani filimbi hatukuisikia. Tulikuwa tunasikia nyundo yako tu, ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Ikanyamaza. Somoe akainua kichwa papo hapo, akasema, Tatu kaacha kugonga, hiyo ni baruti. Nikaogopa, miguu ikakataa kabisa. Yeye angeweza kutoka, alishafika mlangoni. Akarudi akakaa na mie. Nikamwambia kuta ni nene, tukae. Akaniambia, kuta si kitu, paa ni bovu. Ila usiogope, Tatu anakuja. Hawezi kukosa kuja yule, hajawahi kunitoa machoni hata dakika moja."

Nikainua macho kwenye kioo.

"Mie niliona wivu," Flora akasema. "Nimekaa nakufa kwa hofu, na naona wivu. Nikasema mimi sina mtu wa kumsemea hivyo."

Flora ni mtu wa maneno matamu, alikuwa hivyo tangu alipotoka Masasi, na Somoe hayupo wa kumuuliza. Huenda katunga kunituliza bibi mzima. Nimeligeuza hili jambo kila upande kama jiwe linalotafutiwa mshipa wa kulipasulia, na kila nikigonga linalia sauti ya Somoe. Hajawahi kunitoa machoni. Kumbe alijua. Kumbe yale macho yangu, kibanda changu kilichohama kwa sababu ya upepo, kila kitu alikijua na akakiegemea kama ukuta. Na mkono aliouacha hewani, labda aliuacha kwa sababu ulikuwa wake, haukuwa na haja ya kushikwa. Mgeni ndiye anayetangulizwa. Mie ni wa hapahapa.

Wakaja na kitabu. Walikikuta kwenye sanduku la zamani wakakitia kwenye mfuko wa nailoni, kile kitabu cha nyuki kisicho na jalada. Kijana akasema wangependa mwalimu Flora awasomee watoto ukurasa mmoja, kwa heshima ya marehemu. Flora akakipokea, akakifungua, akakaa nacho. Kisha akakiweka mapajani kwangu.

"Soma wewe," akasema. "Mie nitagonga."

Watoto walikuwa wamekaa sakafuni wanatutazama. Nikavaa miwani. Nikaweka kidole. Nikasoma kwa sauti, kama alivyokuwa anasoma yeye, habari ya malkia na wanaomlisha, mpaka nukta ya kwanza, nikapumua. Kimya. Flora ndiyo kwanza anainua fimbo yangu ya kutembelea. Akagonga sakafu mara moja, akakumbuka, akaongeza mbili. Nukta ya pili vilevile, kachelewa. Darasa la saba, ualimu, miaka yote hiyo, na kugonga hajui. Somoe asingevumilia. Nikaendelea kusoma hivyohivyo, na kila nukta nikawa nasimama namsubiri.